Ndagala za Nyumba ya Makumbusho

Kila asubuhi Eliane alianza na maji. Alishuka na bidoni mbili mpaka kwenye bomba la mtaa wa Rugenge, akapanga mstari, akarudi, kisha akamwosha uso mdogo wake Achille kabla ya kuvaa sketi yake ya shule. Achille alikuwa na miaka minne. Alizoea kuinua kidevu na kufumba macho, akingoja kitambaa chenye maji.

Siku hiyo ya mwezi wa sita, kitambaa kilikuwa bado kwenye paji la uso wa mtoto wakati mama yao alipoingia na jembe begani.

"Leo utaenda naye," mama alisema.

Eliane aligeuka. "Naye wapi, mama? Leo darasa letu linakwenda kwenye nyumba ya makumbusho."

"Huko huko. Wanatafuta wapalizi kwenye mashamba ya mpunga, na nikichelewa watachukua wengine. Jirani amekwenda msibani Makobola. Nitamwachia nani?"

"Wenzangu watanicheka."

"Wacheke," mama alisema, na tayari alikuwa mlangoni.

Kwa kawaida mama huyo hakuwa akilima. Alikuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na nyumba yao haikukosa samaki hata siku moja. Lakini tangu katikati ya mwezi wa tano ziwa lilikuwa limefungwa. Kwa miezi mitatu hakuna aliyeruhusiwa kutupa wavu, ili samaki wazae na kukua. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, alikuwa amekwenda Kamanyola kutafuta kibarua, na hakuwa ametuma habari yoyote. Mama mwenyewe alisema ni vizuri samaki wapumzike. Hata hivyo, jana walikuwa wamekunywa uji mara moja tu, na asubuhi hiyo moto haukuwashwa.

Nyumba ya makumbusho ilikuwa ghala la zamani la pamba ambalo wavuvi wa mtaa walikuwa wamelisafisha na kulipaka chokaa. Ndani waliweka vitu vya kazi yao ili watoto wavione: mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, nyavu, taa za kuvulia, na picha za watu waliokwisha kufa. Mtunzaji wake alikuwa Baba Gracien, mwanamume mrefu aliyevaa ufunguo shingoni kama msalaba.

"Karibuni," alisema. "Hapa tunaangalia kwa macho. Mikono inabaki mifukoni. Msiguse kitu."

Mwalimu wao, Madame Nicole, aliwapanga wawili wawili. Eliane alimshika Achille mkono na kusimama nyuma kabisa, lakini Divine, msichana aliyependa kuchekesha darasa, alikwisha kumwona.

"Jamani, muangalie! Eliane iko na mtoto!"

"Mama Achille, shikamoo!" mvulana mmoja aliongeza, na wote wakacheka.

Madame Nicole aliwatazama mpaka wakanyamaza. Eliane aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa ya moto.

Achille hakujali. Hakuwahi kuona mtumbwi ukiwa ndani ya nyumba.

"Huu mtumbwi unakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Hauendi tena," Baba Gracien alijibu. "Umechoka. Umekuja kupumzika, kama babu yako."

Alimbeba mtoto ili aone ndani ya mtumbwi, akamwonyesha mahali ambapo mvuvi aliweka mguu wake na mahali palipochakaa kwa kasia. Achille alicheka. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila Eliane kusikia kicheko hicho.

Katika pembe ya mwisho kulikuwa na kichanja cha matete, kama vile vya ufukweni, na juu yake zilitandazwa ndagala kavu. Zilikuwa ndagala za kweli, nyembamba na zenye kung'aa, ila zilikuwa na vumbi jeupe kidogo, kama chumvi.

"Hivi ndivyo mama zenu wanavyoanika," Baba Gracien alieleza. "Hizi zina mwaka mzima hapa."

Hakuna aliyeuliza kwa nini wadudu hawakuzila.

Darasa liligeukia picha. Wakati huo Eliane alihisi mkono wa Achille ukichomoka katika wake. Aliangalia chini. Mtoto alikuwa amenyoosha mkono kwenye kichanja. Alichota ndagala, akazitia katika mfuko wa kaptula yake, akachota tena. Kisha akainua uso, na macho yao yakakutana.

Eliane alifungua mdomo. Divine alikuwa hatua mbili tu mbele yake. Kama angesema, "Achille, rudisha," wote wangegeuka, na kesho shule nzima ingejua kwamba kwa akina Eliane wana njaa mpaka mtoto anaiba samaki wa maonyesho. Alifunga mdomo. Ni ndagala chache tu, aliwaza. Nani atazihesabu?

Walipoachana na wenzao kwenye njia ya kurudi nyumbani, Achille alitoa ndagala moja na kumpa dada yake.

"Yaya, kula."

"Hapana. Kula weye."

Alitafuna, akakunja uso. "Iko chungu."

"Ni chumvi. Kula upesi, watu wasituone."

Achille alikula zote.

Hawakukaa nyumbani muda mrefu kabla ya mtoto kuanza kutapika. Mwanzoni Eliane alidhani ni tumbo tupu limekataa chakula. Kisha Achille aliharisha, jasho likamtoka, na mate yakaanza kumiminika mdomoni bila kukoma. Eliane alimfuta kwa kanga ya mama mpaka kanga ikalowa. Mama alipoingia kutoka shambani, miguu ikiwa bado na matope, hakuuliza swali. Alimfunga mtoto mgongoni na kuondoka mbio, Eliane akimfuata.

Njiani watu waliwapisha. "Kipindupindu," mmoja alisema, na mwingine akamvuta mtoto wake ndani. Mwezi huo ugonjwa huo ulikuwa umeshika watu wengi mtaani, na hakuna aliyefikiria jina lingine.

Katika kituo cha afya, mlinzi aliwaonyesha ndoo ya kunawia yenye maji ya dawa, kisha hema la wagonjwa wa kipindupindu. Muuguzi aliitwa Ciza, mwanamke mfupi aliyesema kwa haraka. Alikuwa ameshika tayari chupa ya serumu ya kumtundikia mgonjwa.

"Imeanza lini?"

"Sasa hivi, mchana huu," mama alijibu.

"Leo amekula nini?"

Mama aliangalia benchi. Wanawake watatu walikuwa wamekaa pale na wagonjwa wao, na wote aliwajua kutoka sokoni.

"Bugali na majani ya sombe," alisema. "Kama siku zote."

Eliane alimtazama mama yake. Mama hakumtazama.

Muuguzi Ciza aliinama, akafungua jicho la Achille na kulimulika kwa tochi ndogo. Mboni ilikuwa imepungua mpaka kuwa kama ncha ya sindano. Aliweka chupa ya serumu chini.

"Mama, hapa kuna jambo silielewi. Kipindupindu hakitoi mate namna hii, wala hakifanyi macho hivi. Nyumbani kuna dawa ya panya?"

"Hapana."

"Dawa ya wadudu? Ya kuweka kwenye mahindi?"

"Hatuna mahindi," mama alisema, kisha haraka akaongeza, "yaani, ya kuweka dawa."

"Hakula kitu kingine?"

"Nimekwisha kukuambia. Bugali na sombe."

Vidole vya Achille vilikuwa vikirukaruka vyenyewe juu ya shuka. Kila alipovuta pumzi, kitu kililia kifuani mwake, kama maji kwenye bomba lililojaa mchanga. Eliane alielewa kwamba akisema, mama yake ataonekana mwongo mbele ya wanawake wale, na yeye mwenyewe ataonekana mbaya zaidi. Alielewa pia kwamba muuguzi hajui, na kwamba katika hema lote ni yeye peke yake anayejua.

"Hakula bugali," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Muuguzi aligeuka. "Sema tena."

"Hakula bugali. Leo hatukula kitu. Amekula ndagala za kwenye makumbusho, zilikuwa na vumbi jeupe. Alizichukua kwenye kichanja, na minye nilimuona. Sikumkataza. Alisema ni chungu, nikamwambia ale upesi."

Mama alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Ni sumu ya wadudu," Muuguzi Ciza alisema. Aliita msaidizi wake, wakamvua mtoto nguo zote, wakamwosha kwa maji na sabuni, naye akamchoma sindano ya kwanza. Alimwambia mlinzi atafute pikipiki. "Nenda kwenye makumbusho. Mwambie mwenye nyumba aje na dawa aliyoweka kwenye samaki. Aje nayo mkononi, nisome jina lake."

Baba Gracien alifika na paketi ndani ya mfuko wa plastiki. Muuguzi alisoma maandishi, akatikisa kichwa kukubali, akachoma sindano ya pili. Baadaye akachoma nyingine, na nyingine tena. Kila mara alisikiliza kifua na kuangalia mdomo wa mtoto. Eliane alikaa chini kwenye udongo, akihesabu pumzi za mdogo wake. Mara mbili alifika mahali ambapo hakukuwa na pumzi ya kuhesabu, na mara mbili muuguzi alirukia kitanda, akageuza kichwa cha mtoto upande na kumfyonza mate kooni kwa mrija wa mpira, mpaka kifua kikainuka tena.

Jua lilipoanza kushuka upande wa milima, mate yalikuwa yamekauka. Kile kitu kilichokuwa kikilia kifuani kilinyamaza.

"Bado tutamlinda mpaka kesho," muuguzi alisema. "Lakini anapumua."

Asubuhi iliyofuata Achille aliomba maji. Uso wake ulikuwa umepungua kama uso wa mtu mzima, na hakuweza kuinua kikombe. Eliane alimwekea mkono chini ya kichwa na kumnywesha kidogo kidogo.

Baba Gracien alirudi pamoja na Madame Nicole. Alisimama mbele ya mama kama mtu aliyeletwa kwa hakimu.

"Kosa langu ni kubwa," alisema. "Nilinunua dawa ile sokoni ili wadudu wasiharibu samaki. Niliwaambia watoto wasiguse, sikuwaambia kwa nini. Mtoto wa miaka minne anaona ndagala, atajuaje kwamba si chakula? Nimekwisha kuziondoa na kuzizika mbali."

"Na mimi nilipaswa kumshika karibu yangu," Madame Nicole alisema. "Niliona amekuja, nikafikiri Eliane atatosha."

Eliane alianza kulia. "Ni minye. Niliona nikanyamaza."

Muuguzi Ciza alikuwa akiandika kwenye kadi ya mgonjwa. Aliacha kalamu, akaja na kuchuchumaa mbele ya msichana.

"Nisikilize vizuri. Ulinyamaza pale makumbusho, na kunyamaza kule nusura kutuondolee mtoto huyu. Hilo ni kweli, na sitakudanganya kwamba si kitu. Lakini jana ulisema mbele ya watu wote, ukiwa na aibu. Ungengoja kidogo tu, ningeendelea kumtibu ugonjwa asiokuwa nao. Mdogo wako hawezi kujieleza. Yeye anategemea mkubwa aseme ukweli kwa ajili yake, hata ukweli ule ambao hatupendi usikike. Kuona njaa si kosa, mwanangu. Kosa lilikuwa kuificha mpaka ikamtia mtoto sumu mdomoni. Na hilo," alisema akiinuka taratibu, "simwambii Eliane peke yake."

Wanawake kwenye benchi waliangalia mikono yao.

Madame Nicole alimkaribia mama. "Mama Eliane, hapo nyumbani munahitaji kitu?"

"Hapana, Madame, asante," mama alijibu mara moja. "Hatuhita..."

Alikatisha. Aliangalia kitandani, ambapo Achille alikuwa amelala mdomo wazi, na Eliane amemshika kidole kimoja. Kisha mama alisimama wima, akageukia benchi na watu wote waliokuwemo hemani, na akasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia:

"Tuko na njaa. Tangu ziwa lifungwe watoto wangu wanalala bila kula, na minye nimewafundisha kusema wameshiba. Naomba munisaidie."