Hodi Kutoka Shimoni

Shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa na halina kitu, lakini mashine ya kusakia chuma iliendelea kulia juu yake. Iliasi alivua vidude vya masikioni, akavivaa tena, akapitisha mashine taratibu juu ya udongo mwekundu. Miaka mingi alitafuta dhahabu kwa mashine kama hiyo kule Salamabila, na hakuwahi kusikia chuma kinachohama.

"Chuma iko natembea," alimwambia Antoine kwa sauti ya chini.

Antoine, mtafiti kutoka Kindu, alikuwa akilisaka boma la mpakani la askari wa Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, lililomezwa na vichaka vya huku Wamaza tangu enzi za mababu. Tayari mchimbaji wao Yakubu alikuwa amefukua risasi zilizoliwa na kutu na mnyororo wa kufungia wafungwa shingoni. "Ni pile njo inaisha," alisema, akiigonga betri ya mashine. "Endelea tu."

Hidaya, mke wa Iliasi, alikuwa akiwasongea ugali kando ya shimo. Machimbo yalimnyang'anya mume ujana wote, na safari hii alikataa kubaki Kasongo. Alisema atapika porini, alale chini, mradi amwone. Alikuwa ameligeuzia shimo mgongo aliposikia mtu anabisha kwenye ubao, kisha sauti ya upole.

"Hodi."

"Karibu," akaitika bila kugeuka.

Nani angemlaumu? Mtu wa Kasongo huitika hodi kabla hajafikiri. Hata mwizi, akibisha kwa adabu, atawekewa mkeka. Ila pale porini hapakuwa na mlango wala ubao, na Hidaya alipolikumbuka hilo mwiko ulimponyoka. Harufu ya kutu na ngozi mbichi ilimjaa puani.

Iliasi alikuwa amesimama wima kama askari, visigino pamoja. "Asante, mama," alisema, na sauti ilikuwa ile ya hodi.

Akaokota mnyororo, akamchapa nao usoni Yakubu mchimbaji. Meno yakaruka, Yakubu akapiga magoti, akachapwa mgongoni, tena na tena, mpaka shati na nyama vikawa kitu kimoja, na Antoine aliyekimbilia kumzuia akazungushwa mkono mpaka mfupa ukatoka nje ya ngozi, na yule aliyeuvaa mwili wa Iliasi hakuhema wala hakutoa jasho, alikuwa akisema tu kwa utulivu, "Lala chini, lala chini," huku damu ikimchuruzika mwenyewe masikioni na Hidaya akining'inia shingoni mwake akilia kwamba huyu ni mume wangu, niachie mume wangu.

Wanaume waliokuwa wakilima jirani walikuja na kamba, wakamfunga kwenye mti. Yakubu alikuwa amekwisha kukata roho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hawakumjua.

Mwalimu Souleymane, mganga wa Wamaza, aliletwa kwa pikipiki. Akasoma, akapuliza, akanyunyiza maji. Jini likamsikiliza mpaka mwisho.

"Sikuvunja mlango, mwalimu," likasema. "Nilikaribishwa."

Souleymane akanong'ona, "Nani alimuitika?"

"Ni mimi," Hidaya akasema. "Mwalimu, iko namumaliza. Ona masikio yake."

"Basi mimi siwezi kumufukuza. Mugeni mwenye kukaribishwa hafukuzwi, anasindikizwa. Njo wewe utamurudisha kwake. Akikusemesha, usijibu. Hata neno moja, mama."

Hidaya aliogopa, lakini alimfungua Iliasi kwa mikono yake mwenyewe na kumshika kiganja. Kutoka mtini hadi shimoni si mbali. Jini lilimvunja kidole cha kwanza, akauma kanga. Likamvunja cha pili, akaendelea kutembea. Likamuuliza kwa sauti ya mama yake marehemu kwa nini hasalimii, machozi yakamtoka na mdomo ukabaki umefumbwa. Ukingoni Iliasi akajikunja, akatapika udongo mweusi uliochanganyika na risasi, akaanguka ubavu kama gunia. Ardhi ikatetemeka kidogo na kutulia.

"Hidaya," akaita. Sauti ilikuwa yake, ya kukwaruza, ya mtu wa vumbi la machimbo.

Hakumjibu. Alipiga magoti, akakipakata kichwa chake na kumtazama machoni kwa muda mrefu, mpaka akamwona mumewe mle ndani, amechoka, anaogopa, yu hai. Furaha ikamjaa hata akasahau vidole vyake. Angeweza kumbeba mgongoni hadi Kasongo siku ileile.

"Mama," sauti ya upole ikasema kutoka chini, "umechoka sana. Ingia upumuzike kidogo."

Na Hidaya, macho yakiwa kwa mumewe, ulimi ukapita njia yake ya siku zote, ile ya kila mwanamke mwenye haraka anayepita mbele ya nyumba ya jirani:

"Asante. Siku ingine."

Souleymane akaweka mkono kichwani.

"Haya, mama," shimo likajibu kwa adabu. "Nitakuja kukuchukua."