Atakayempokea Osen

Fusae Nakazato alikuwa ameongoza wageni katika ngome ya Kagehara kwa miaka kumi na moja, na maneno yake aliyajua kama alivyoyajua meno yake mwenyewe. Ndiyo maana Jumanne ile ya Novemba, aliposikia mdomo wake ukitamka sentensi ambayo hakuwahi kujifunza, alikatiza maelezo mbele ya wageni kumi na wanne na kujifunika midomo kwa kiganja.

Walikuwa ghorofa ya chini ya mnara, kila mmoja amebeba viatu vyake ndani ya mfuko wa nailoni, soksi zikiteleza juu ya mbao zilizong'arishwa na nyayo za watu. Hapo ndipo alipozoea kusimulia habari za Osen, mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa nane mchana. Osen alikuwa mwanamke aliyewapelekea waashi chakula miaka mia nne iliyopita, wakati ukuta wa mashariki ulipokuwa ukijengwa na kuporomoka, ukijengwa na kuporomoka. Kipeperushi cha makumbusho kilisema alikubali kwa hiari yake azikwe mzima ukutani ili ukuta usimame. Fusae alikuwa na mzaha wake wa hapo: "Kwa hiyo tukitoka nje msiegemee, jamani. Mwenyewe yumo." Watu hucheka, kisha wanapanda ngazi.

Siku ile watu walicheka, na kabla hawajapanda mdomo ukaendelea wenyewe.

"Hakukubali. Walimwambia ashike jiwe kidogo tu, kuna mtu anakuja kumpokea."

Sauti ilikuwa yake. Lafudhi haikuwa yake. Ilikuwa lafudhi nzito ya kishamba, ya watu ambao hata bibi yake Fusae hakuwakuta. Mama mmoja mwenye kofia ya sufu alitikisa kichwa kwa huruma, akadhani ni sehemu ya maelezo. Fusae akasikia harufu ya udongo mbichi na ya jiwe lililotoka kuchongwa, mle ndani ya mnara mkavu usionuka kitu ila mbao na vumbi.

Alipomaliza zamu alimwambia Shiori, binti wa dirisha la tiketi.

"Labda uliisoma mahali, Bi Fusae, ukasahau," Shiori akasema. Kisha akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Lakini umesikia walichokikuta waashi?"

Tangu Oktoba ukuta wa mashariki ulikuwa ukikarabatiwa. Mawe yalishushwa moja moja, yakaandikwa namba kwa rangi nyeupe na kupangwa kwenye maegesho ya magari.

"Nyuma ya safu ya tano kuna uwazi," Shiori akasema. "Mrefu hivi, mwembamba hivi. Mtu anaenea akiwa amesimama. Hamna mfupa, hamna kitambaa. Bwana Kuramochi amesema tusiwaambie wageni."

"Walilitoa lini hilo jiwe la mbele?"

"Jana jioni."

Nyumbani, mume wake Teruhiko alimbandika plasta za dawa mabegani. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alipomshusha kola ya blauzi aliiweka plasta chini.

"Mama, umebeba nini leo?"

"Kibendera changu cha kuongozea wageni."

"Kibendera hakiachi alama hii." Akapitisha kidole taratibu kutoka bega moja hadi la pili, mstari mmoja ulionyooka, mweusi kama wino. Na katika nywele zake kulikuwa na unga mweupe wa mawe, ambao hata alipouchana uliendelea kudondoka juu ya mkeka.

Jumatano Fusae aliamua kuiruka habari ya Osen. Aliwapitisha wageni haraka pale chini, akaanza kuwaeleza habari za mikuki na kofia za vita, nao mdomo ukamwacha afike katikati ya sentensi, ukageuka. Alhamisi alivaa barakoa na kusema sauti imemkauka, akawa anaonyesha vitu kwa mkono tu. Sauti ikatoka ndani ya barakoa hata hivyo, tulivu, ikieleza jinsi mikono inavyoanza kutetemeka, kisha inavyoacha kutetemeka, na jinsi nyayo za waashi zinavyosikika zikiondoka. Safari hiyo iliishia na swali.

"Nani atanipokea?"

Wageni walitazamana. Fusae alitaka kuwaambia watoke, watoke wote mnarani, lakini ulimi ulilala mdomoni kama wa mtu mwingine. Chini ya mbao kitu kilisaga, jiwe juu ya jiwe, polepole.

Bwana Kuramochi, mkuu wa makumbusho, alimsikiliza ofisini akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu. Alisema Jumamosi kuna kundi kubwa kutoka Osaka na hana mwongozaji mwingine. Baada ya hapo apumzike hata wiki mbili.

Jumamosi swali lilipotoka, jamaa mmoja wa kundi lile, mnene, mcheshi, ambaye tangu getini alikuwa akiwachekesha wenzake, aliinua mkono. "Mimi hapa, bibie. Lete, tena uongeze na mifuko ya mke wangu." Wenzake walikuwa bado wanacheka alipopiga magoti. Hakupiga kelele, pumzi zilimtoka tu, zote kwa mara moja, na Fusae aliyekuwa hatua tatu kutoka kwake alisikia mifupa miwili ya mabega ikivunjika, kulia na kushoto, kama vijiti vya kulia chakula vinavyotenganishwa. Kisha uzito ukarudi. Aliusikia ukirudi juu yake yeye, ukitua palepale kwenye ule mstari mweusi, naye akasimama akiwaangalia watu wa huduma ya kwanza wakimbeba yule jamaa bila kuweza kuinua hata mkono wa kumwomba radhi.

Jumatatu makumbusho hufungwa. Teruhiko alimleta kuhani wa hekalu lililo chini ya kilima, Mzee Unno, wakaingia mnarani saa tano asubuhi, jua likipenya kwenye matundu ya kupigia mishale. Mzee Unno alimwaga chumvi, akaweka mchele na pombe juu ya kimeza cheupe, akapunga tawi lenye karatasi juu ya kichwa cha Fusae na kusoma maneno yake mara tatu. Kisha akauliza, kwa upole, kama anavyoulizwa mgonjwa:

"Unataka nini?"

"Kupokelewa," mdomo wa Fusae ukajibu.

"Ukiambiwa utoke?"

"Nitoke, jiwe nimwachie nani?"

Mzee Unno alishusha tawi. Udongo mbichi ulinuka hadi Teruhiko akaziba pua kwa kitambaa.

"Nimewahi kutoa vingi vya kutolewa," kuhani akasema hatimaye, akimgeukia Teruhiko. "Huyu si wa kufukuzwa. Huyu ni mtu aliye kazini. Mkeo amemwita kwa jina mara mbili kwa siku, miaka kumi na moja. Walipolitoa lile jiwe hakuwa na mwingine anayemjua."

"Sasa tufanyeje?"

"Asikanyage tena hapa. Na akiuliza lile swali, mtu asijibu. Mzigo huu huombwa, kisha hujibiwa. Yule wa Osaka alijibu kwa mdomo tu, ndiyo maana ulimrudia mkeo. Mtu akijibu kwa moyo, utabaki kwake."

"Na asipojibiwa?"

Mzee Unno alianza kukunja karatasi zake. "Mkeo ana mwili mdogo," akasema.

Fusae hakurudi kazini. Lakini saa nne ilipogonga Jumanne alijikuta amesimama katikati ya jiko lake, mikono juu, viganja vimefunguka kuelekea dari, akiwakaribisha wageni wasiokuwepo, na saa nane ikawa vilevile, na Jumatano na Alhamisi, na kila mara akili yake ilikuwa timamu ikitazama, ikiona kalenda ukutani na sufuria juu ya jiko, ikisikia mbao za sakafu zikilia chini ya nyayo zake, isiweze kukishusha hata kidole kimoja. Teruhiko alijaribu kumshika mikono aishushe. Ilikuwa kama kushika nguzo za daraja. Akampima kwenye mwimo wa mlango walikokuwa wakimpimia binti yao Chihaya alipokuwa mdogo; Fusae alikuwa amepungua kimo kwa upana wa vidole viwili.

"Usinijibu," alimwambia Teruhiko kila walipokaa kula. "Mzee Unno amesema."

"Kula supu yako, mama."

"Niahidi."

"Supu inapoa."

Ijumaa, saa nne ilipokaribia kugonga, Teruhiko alikuwa akikata figili. Sufuria ilikuwa jikoni, dirisha limeingia mvuke, redio inatangaza hali ya hewa. Fusae akasimama. Mikono ikapanda. Safari hii aliposema habari za Osen hakuna neno lililoachwa: jina la mwashi aliyemwita, rangi ya kitambaa alichofungia chakula, na jinsi alivyomsikia mwanawe akimwita kutoka nje ya ukuta akaogopa kuitikia, kwa kuwa akivuta pumzi ya kuitikia jiwe lingeshuka, na kadiri Fusae alivyosema ndivyo shingo yake ilivyozama mabegani, damu ikaanza kumtoka puani, ikapita mdomoni, na mdomo ukaendelea kusema juu ya damu.

"Nani atanipokea?"

Teruhiko akaweka kisu juu ya ubao. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Fusae alimwona anachotaka kufanya, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na hakuna sauti iliyotoka.

"Mimi nitakupokea," Teruhiko akasema. "Mwache mke wangu apumzike."

"Asante, baba," ilijibu ile lafudhi ya kishamba, kwa sauti ya mtu anayesinzia. Ndipo mikono ya Fusae ikaanguka ubavuni, nyepesi mno, akakaa chini sakafuni kama nguo iliyodondoka kambani.

Teruhiko aliinama, akajizuia kwenye sinki, akanyooka.

"Ni zito?" Fusae akamuuliza. Hakujua amuulize nini kingine.

"La kawaida."

Akatoka. Alitembea na ndara za ndani, mikono juu, taratibu, kama mtu anayehamisha kabati la jirani. Fusae alimng'ang'ania sweta mtaa mzima hadi likachanika. Walivuka daraja la handaki la maji, wakapita dirisha la tiketi, Shiori akatoka mbio akimwita Bwana Kuramochi, na waashi waliokuwa wamechuchumaa wakinywa kahawa ya kopo wakasimama kumzuia. Hakuwasukuma, aliwapita tu, wakajikuta wamekaa chini. Akaingia katika ule uwazi nyuma ya safu ya tano. Akageuka, akaweka viganja juu ya jiwe la kichwani. Alienea kabisa.

Wanaume wanne walimvuta. Kila walipovuta, ukuta wote wa juu ulisaga na vumbi likamwagika.

"Acheni, vijana," akasema. "Mkinitoa utawaangukia."

Waliacha. Msimamizi wao alikuwa analia bila kujijua. Fusae akapenya katikati yao, akamshika Teruhiko uso. Jasho lilikuwa likimtiririka machoni, naye hakuweza kulifuta, akamfutia.

"Niombe," akamwambia kwa kunong'ona. "Niulize kama alivyouliza yeye. Niulize tu, nitakujibu kwa moyo wangu wote. Niulize, baba Chihaya."

Teruhiko aligeuza macho kuelekea nyumbani.

"Nimeacha jiko linawaka," akasema. "Nenda ukalizime."

Wazima moto walikuwa getini, king'ora kimekatwa, wakati mawe mawili yaliyokuwa yamening'inia juu ya ule uwazi yaliposogea. Hayakuanguka. Yalishuka polepole, yakakutana, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto. Walimburuta Fusae nyuma kwa makwapa.

Walichimba siku tatu. Palipokuwa na uwazi palikuwa na jiwe lililoshikana na jiwe, pasipopenya hata kisu. Hawakuona uzi wa sweta, hawakuona ndara. Chihaya alikuja kutoka Nagoya na kupiga kelele ofisini mwa Bwana Kuramochi hadi sauti ikamkauka, naye Bwana Kuramochi aliinama mbele yake mpaka paji la uso likagusa meza, akabaki hivyo.

Ukuta ulikamilika majira ya kuchipua. Mafundi waliupima, wakasema haujapata kuwa imara namna ile. Sasa Shiori ndiye anayeongoza wageni, na afikapo kwenye habari za Osen huisoma kutoka kwenye kipeperushi bila kuinua macho.

Fusae huja kila siku baada ya chakula cha mchana na kiti chake cha kukunja. Hukaa karibu na kona ya mashariki na kuweka kiganja juu ya jiwe moja, ambalo hata asubuhi ya theluji lina uvuguvugu. Wageni hudhani anaomba dua. Yeye husogeza mdomo karibu na ufa na kusema kwa sauti ya chini, "Niombe basi. Mara moja tu." Waliishi pamoja miaka arobaini na mitatu, na katika miaka hiyo Teruhiko hakuwahi hata kumwomba amsogezee chupa ya mchuzi wa soya, aliinuka mwenyewe akaichukua.

Kisha huweka sikio. Kwa ndani kuna pumzi za mtu, fupi, nzito, zinazokwaruza. Zinaendelea kwa muda. Halafu, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa, anazibana.