Kikombe Chenye Alama Nyekundu

"Hicho si chako, mpenzi. Chako kile pale, chenye alama."

Nesi alirudisha kikombe cheupe mezani haraka, kama aliyefumaniwa akiiba. Chake kilikuwa kando ya sinki, cha plastiki, kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono. Kilikaa peke yake, mbali na vikombe vingine, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Samahani, nilisahau."

"Jitahidi usisahau. Mimi sina shida, unanijua. Ni mama. Anaona kinyaa."

Aliyesema hivyo aliitwa Asali mji mzima. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, na sauti yake ilikuwa nzito, tamu, ya kumfanya hata mdaiwa acheke. Nesi naye hakuwa nesi hasa. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, ila nyumbani kwa kina Asali kila aliyevaa koti jeupe aliitwa nesi, na jina likaganda.

Kosa la Nesi lilikuwa mdomo. Tangu utotoni, akichoka au akipata homa, mdomo wa juu humtoka malengelenge, yale watu wanayoyaita vidonda vya homa. Hakumficha Asali, mchumba wake. Alimwambia mapema kabisa, kabla hata ya pete. Asali akasema si kitu. Halafu siku moja Asali mwenyewe akatokewa na kidonda, akaja kusimama mbele yake, akakinyooshea kidole.

"Umeona ulichonifanyia?"

Nesi alilia siku hiyo mpaka macho yakavimba. Akaomba radhi kama aliyeua. Tangu hapo akawa anabusiwa kwenye paji la uso tu, tena kwa mbali, kama mtu anayebusu bahasha. Akishika simu ya Asali, hufutwa. Taulo lake likatengwa, kijiko chake kikatengwa, na mwisho kikaja kikombe.

"Asali, nikwambie kitu? Kazini sasa tuna mashine ya leza. Ukiwahi, pale mdomo unapoanza tu kuwasha, kabla lengelenge halijatoka, unapigwa mwanga dakika chache, na mara nyingi linanywea hapo hapo. Mimi mwenyewe..."

"Tunakula."

"Nilitaka tu kusema, hata wewe..."

"Mpenzi, nimekuomba mara ngapi usiniletee midomo ya watu mezani? Mate, usaha, ah! Nitatapika mimi."

Nesi akarudia sahani yake. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Asali hakujua lolote la kazi ya mchumba wake kwa sababu hakutaka kulijua. Hata kumchukua jioni, alimsubiri ng'ambo ya barabara, kioo cha gari kimepandishwa.

Mama yake Asali akaingia na birika.

"Mkwe, kikombe chako umekiona?"

"Nimekiona, mama. Ahsante."

"Nimekiosha kwa maji ya moto, mara mbili. Kimetakata. Usiwe na wasiwasi."

Alisema hivyo bila kumtazama. Nesi akainamisha kichwa, chai ikamshuka kooni kama shubiri.

*

Zahanati ya meno ilikuwa na matawi kadhaa, lakini mashine ya leza ilikuwa moja tu. Ilizunguka. Kila Alhamisi ilipakiwa kwenye gari na kupelekwa tawi la karibu na stendi, na aliyekwenda nayo ni Nesi, kwa sababu ndiye aliyejua kuiandaa. Hilo Asali hakuwahi kulisikia.

Alhamisi hiyo alikuwa chumba cha vyombo, barakoa usoni, miwani ya kinga machoni, nywele zote ndani ya kofia, simu ilipotetemeka mfukoni.

*Mpenzi niko kwenye kikao na wateja wa harusi. Nazima simu. Nakupenda.*

Alitabasamu. Mjinga wa mapenzi hatafutwi mbali.

"Msaidizi!" daktari akaita. "Mgonjwa yuko tayari. Lete ncha safi ya leza."

Mgonjwa alikuwa ameshalazwa kwenye kiti, amevishwa miwani myeusi ya kukinga mwanga wa leza. Mwenye miwani ile haoni hata mkono wake mwenyewe. Nesi aliviona viatu kwanza: vya kahawia, vyenye ncha kali. Alikuwepo siku vilipochaguliwa. Akajiambia viatu vinafanana.

"Haya, bwana," daktari akasema. Alikuwa mtu mzima mchangamfu, mpenda maongezi. "Limeanza lini kukuwasha?"

"Leo asubuhi, daktari. Nikasema niwahi. Jumamosi nina harusi ya watu wakubwa, siwezi kusimama na kipaza sauti nina kidonda mdomoni."

Viatu vinaweza kufanana. Sauti ile ilikuwa moja tu mji mzima.

"Umefanya vizuri kuwahi. Likishapasuka, leza inasaidia kukausha tu. Sasa ni mara yako ya kwanza kutokwa?"

"Mara ya kwanza?" Asali akacheka. "Daktari, mimi ninavyo tangu niko darasa la pili."

Nesi akaipachika ncha kwenye mashine, akaikaza.

"Hicho kirusi kikishaingia hakitoki," daktari akasema. "Kinalala, kinaamka. Wengi hukipata utotoni, kwa kubusiwa tu na ndugu. Si aibu. Una mke?"

"Mchumba."

"Anajua?"

"Anajua, ila kinyume." Akacheka tena, kicheko kile cha ukumbini. "Yeye pia anavyo. Basi nikamwachia aamini ndiye aliyeniletea."

"Kwa nini sasa?"

"Daktari, we mwanaume mwenzangu. Mwanamke akijiona ana kasoro, hatafuti za kwako. Anatulia. Hata ukirudi umechelewa, haulizi."

Daktari hakucheka. Alikohoa kidogo.

"Msaidizi, mshikie mdomo."

Nesi akasogea. Akachukua kipande cha shashi, akaushika ule mdomo kwa vidole viwili vya glavu, akauvuta juu kidogo ili mwanga upite. Mdomo uliomkataa miezi mingi ulikuwa sasa umelegea mkononi mwake, umelowa, mate yakichuruzika pembeni. Kwa miaka ya kazi hiyo alishashika midomo yenye usaha, yenye meno yaliyooza, yenye harufu za kufukuza nzi, na hakuwahi kuona kinyaa. Huu ulikuwa wa kwanza kumtia kinyaa. Akajikaza kisabuni, akaendelea kuushika.

Mashine ililia taratibu. Mwanga ukapita, ukarudi.

"Unasikia joto?"

"Kidogo tu."

"Basi, tumemaliza. Msaidizi atakupa maelekezo."

Kutoa maelekezo ilikuwa kazi yake kwa kila mgonjwa. Angeweza kumwomba daktari ayatoe. Hakuomba.

"Usipapase," alisema. "Usipabandue. Usimbusu mtu mpaka pakauke kabisa. Taulo lako liwe lako, kijiko chako kiwe chako. Na kikombe chako, ukipenda, kipake rangi nyekundu kwenye mkono, ili watu wa nyumbani wasikosee."

Asali akaivua miwani kwa nguvu.

"Taratibu, baba! Mashine sijazima!" daktari akapiga kelele.

Lakini Asali hakusikia. Alikuwa anayatazama macho mawili juu ya barakoa, kinywa wazi, kama mtu aliyeambiwa afungue aaa.

*

Walikutana kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma, penye mapipa ya taka za hospitali.

"Mpenzi, nilikuwa natania na daktari. Maneno ya wanaume tu!"

"Rudi nyuma. Unanisogelea nini?"

"Nisamehe. Kazi yangu ni mdomo, unajua. Watu wakinijua nina haya madudu..."

"Mimi nina haya madudu. Nilikuambia siku ile ile."

"Usimwambie mama, nakuomba. Usimwambie mtu."

Nesi alivua glavu, moja baada ya nyingine, akazitupa kwenye pipa.

"Siri ya mgonjwa siitoi, hata kwa dada yangu. Hiyo ndiyo kazi yangu, ile usiyopenda kuisikia mezani. Utasema mwenyewe. Jumapili, mbele ya mama, utasema kwamba mimi sikukuletea kitu. Ukisema, tutaongea mengine. Usiposema, hatuna la kuongea."

"Nitasema. Naapa."

Jioni Nesi alimpigia dada yake.

"Sauti yako ina nini? Mmegombana?"

"Dada, nina jambo siwezi kulisema."

"La mapenzi?"

"La kazini."

"Basi mbona unalia?"

Nesi akajifuta machozi, akaaga.

*

Jumapili meza iliandikwa kama kawaida. Vikombe vyeupe huku, chenye alama nyekundu kule. Mdomo wa Asali ulikuwa laini, haukuwa na hata doa; leza ilikuwa imefanya kazi yake. Aliongea bila kupumua: rangi ya ukumbi wa harusi yao, urefu wa keki, nani atakaa meza ya mbele.

Nesi alisubiri. Chai ikamiminwa. Akasubiri.

"Asali, ulikuwa na neno la kumwambia mama."

"Neno gani tena, mpenzi?" Akacheka, akamgeukia mama yake. "Huyu naye! Labda habari ya viti."

Hapo ndipo kitu kilipomkatika Nesi ndani. Tangu Alhamisi alikuwa amebaki na kauzi kamoja ka matumaini, na kenyewe kakakatika mbele ya macho yake. Akakivuta kikombe chake cha plastiki katikati ya meza.

"Mama, samahani, naomba kuuliza. Hiki kikombe nitakitumia mpaka lini? Hata nikishaolewa humu?"

Mama akaweka birika chini.

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Si ndivyo unavyotaka wewe?"

"Mimi?"

"Mwanangu aliniambia umezoea mambo ya hospitali, vyombo vya watu unaviona vichafu. Kwamba usipopewa kikombe chako, huli. Nikameza. Nikasema, haya, mkwe ndiye tuliyempata. Kila Jumapili nakichemshia maji, na moyo unaniuma, maana hakuna aliyewahi kuniita mchafu nyumbani kwangu."

Nesi akamgeukia Asali, kisha mama.

"Mama, mimi niliambiwa ni wewe unayeniona kinyaa."

"Kwa lipi?"

"Kwa mdomo wangu. Nina vidonda vya homa."

Mama alimtazama kama aliyesikia kichekesho kisichochekesha.

"Vidonda vya homa? Basi? Mimi ninavyo tangu usichana wangu! Na huyu," akamnyooshea mwanawe kidole, "nilimwambukiza mimi, kwa kumbusu alipokuwa mchanga, sikujua. Darasa la pili alikuwa analia hataki kwenda shule, wenzake wanamcheka mdomo. Nani kamsahaulisha?"

Nesi hakuwa amesema neno la siri ya mgonjwa. Lilikuwa limesemwa.

"Mama, we subiri..." Asali akaanza.

"Nisubiri nini? Unatugombanisha wanawake wawili kwa kikombe cha plastiki! Nyani haoni kundule!"

Kisha yule mama akafanya jambo ambalo Nesi hatalisahau. Alikichukua kikombe chenye alama nyekundu, kikiwa na chai ya Nesi ndani, akanywa mpaka nusu, akakirudisha mezani.

"Haya. Nimekufa?"

Nesi akacheka na kulia kwa pamoja. Asali akajitupa magotini, sauti ile ya asali imekauka.

"Niliogopa, mpenzi. Niliogopa utaniona kama wenzangu walivyoniona shuleni."

"Ungeniambia hivyo, ningekushika mkono tukatibiwa pamoja," Nesi akasema. "Nilishika mdomo wako Alhamisi... hapana, hayo ya kazini niyaache. Nakwambia ya hapa. Miezi yote hii nilikuwa nikioga mara tatu kwa siku. Nilikuwa nikijitazama kwenye kioo naona takataka. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni, unajua, unakunywa chai. Mimi nakuonea kinyaa, Asali. Si kidonda. Wewe."

Akavua pete, akaitumbukiza kwenye kikombe. Ikazama ndani ya chai iliyobaki.

"Mama! Mzuie basi!"

Mama alikuwa ameshasimama, anamtafutia Nesi mkoba wake.

"Nimzuie kwa lipi? Mimi nilikuzaa, sina pa kukurudisha. Mwenzio anapo."

Akamsindikiza mpaka getini, akamkumbatia, akambusu shavuni, busu la kweli lenye sauti. Wakasimama hapo kwa muda, kila mmoja akimwomba mwenzake radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

*

Msimu wa baridi ulipoingia, Nesi alikuwa akifuta mashine ujumbe ulipokuja.

*Mdomo umeanza kuwasha. Daktari alisema niwahi. Alhamisi hii mko tawi la stendi?*

Akajibu kama anavyomjibu kila mgonjwa.

*Tupo. Piga simu mapokezi upangiwe nafasi.*

Simu ikatulia, kisha ikatetemeka tena.

*Na sisi je? Hakuna dawa?*

Nesi aliusoma akiwa amesimama. Akavaa glavu, akakumbuka bado hajajibu, akazivua tena.

*Ungeniambia lilipokuwa linawasha tu, ningekusikiliza. Uliliacha mpaka likapasuka.*

Akazima simu, akamwita mgonjwa aliyefuata.