Uzito wa Bakuli Tupu

Siku ya Jumanne bakuli tupu lilipimwa likaonekana limeongezeka uzito, na Wasike akadhani ni uchafu tu. Alilisugua, akalikausha, akapima upya. Lilikuwa zito vilevile, tena limezidi kidogo.

Huo ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa 1949, katika kiwanda cha magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi, nje kidogo ya Eldoret. Bwana Pringle, mkemia wa hapo, alitaka kujua unga wa magome huyeyuka kiasi gani ndani ya spiriti: ikiwa baridi, ikiwa vuguvugu, ikiwa moto. Kutaka ni kwake, kupima ni kwa Wasike. Alitia unga ndani ya chupa ya spiriti mpaka ukakataa kuyeyuka, akachuja, akamimina ile spiriti kwenye bakuli dogo la kaure, akaliweka juu ya maji yanayochemka mpaka spiriti yote ikapaa. Uliobaki bakulini ndio unga uliokuwa umeyeyuka, na huo ndio uliopimwa.

Kando yake liliwekwa kila mara bakuli la pili, la spiriti peke yake. Hilo likikauka lilipaswa kurudia uzito wake wa mwanzo. Lilikuwa shahidi, na shahidi akisema uongo, kesi yote imeharibika.

"Wewe hapana jua kuosha bakuli," Bwana Pringle alimwambia siku ya Alhamisi, jicho kwenye mizani. "Jumatatu mimi nataka hesabu safi. Kama hapana safi, wewe rudi kwenu."

Wasike hakuogopa kurudi kwao. Aliogopa kurudi mikono mitupu. Aliahidiwa kwamba hesabu ikikamilika atapewa nyumba ya vyumba viwili, na mtu mwenye nyumba huruhusiwa kuleta familia. Mkewe Nanyama alikuwa Kimilili na mtoto wa kike ambaye Wasike alikuwa amemwona mara mbili tu, na mara ya pili mtoto alilia kwa kumwona mgeni.

Kule kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, hakuna aliyetaka kulala naye chumba kimoja, maana alinuka spiriti hata baada ya kuoga. Walimwita Spiriti. Bwana alimwita Wewe. Tangu Pasaka hakuna kinywa kilichotamka jina lake, na wahenga hawakukosea waliposema upweke ni uvundo.

Ijumaa bakuli tupu lilibaki na utando wa manjano, kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Wasike aliinama akanusa. Haikuwa harufu ya spiriti. Ilikuwa harufu ya shati la mtu aliyefanya kazi kutwa, jasho na mafuta ya kujipaka, na alijikuta ameinama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Jumapili wote walikwenda kanisani. Yeye hakwenda, kwa sababu chupa ilitakiwa kutikiswa kila nusu saa, asubuhi mpaka jioni, ndipo spiriti ishibe unga sawasawa. Mvua ilinyesha, moto wa boila ulikuwa umezimwa, na kiwanda kizima kilikuwa kimya. Alitikisa chupa, akaiweka. Alitikisa tena, akaiweka. Mara ya tano alipoiweka, chupa ilishusha pumzi.

"Wasike," sauti ikaita.

Nyanya yake alimfundisha, kama nyanya wote wa kwao wanavyofundisha: ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza, ngoja uitwe mara ya pili, tena ngoja uone uso. Mtoto wa miaka minne anajua. Lakini Wasike alikuwa amekaa miezi minne bila jina, na jina lilipokuja lilimwingia mwilini kama uji wa moto.

"Naam!" aliitika kwa furaha. "Niko hapa!"

Ndipo alipotambua alichofanya, kwa maana kule mwisho wa chumba bakuli tupu lilianza kugongagonga meza taratibu ingawa hakuna aliyeligusa, na ile harufu ya shati ikaja mpaka nyuma ya shingo yake ikatulia hapo, na kitu chenye baridi ya spiriti inayokauka juu ya ngozi kikamshika kiganja kama mtu anavyomshika mwenzake wanapotembea njiani, na Wasike alitaka kupiga kelele, kweli alitaka, lakini mkono ule haukumwumiza, ulimshika tu, na ilikuwa zamani sana tangu mtu yeyote amshike mkono, kwa hiyo alikaa pale akilia huku akitikisa chupa kwa mkono mwingine kila nusu saa ilipofika.

Mama Kageha, mpishi wa chai ya wafanyakazi, alimkuta hivyo alipotoka kanisani na viazi viwili vya kuchemsha alivyomwekea. Alisimama mlangoni, akanusa, na viazi vikamwanguka.

"Unaongea na nani?" alinong'ona.

"Hata mimi sijui, Mama. Ameniita jina."

"Na umeitika?"

Wasike akainamisha kichwa.

"Uwi! Huyo ni Shitanda." Mama Kageha alishika fremu ya mlango. "Kijana wa Shinyalu. Alikuwa anafanya hii kazi yako. Jumapili moja alikuwa hapa peke yake, akainama kwenye pipa achote spiriti, ile harufu ikamlevya. Walimpata Jumatatu, kichwa na mikono yote ndani. Wakamzika hapa mjini haraka haraka. Watu wa kwao walikuja wakaambiwa wamechelewa, wakafukuzwa kwa geti."

"Na spiriti ya pipa?"

"Si ni wewe unajua? Hiyo kitu inamwagwa?"

Haikumwagwa. Ilitoka ng'ambo kwa meli, kwa hiyo iliyotumika ilichemshwa, mvuke wake ukapozwa, ikarudi chupani. Wasike mwenyewe ndiye aliyeichemsha, mara kumi na moja. Kitu kilichopaa kama mvuke hakiachi tope nyuma, hiyo ndiyo sheria, na bakuli liliikana sheria mbele ya macho yake.

Mama Kageha hakuwa wa ukoo wa Shitanda, lakini alikuwa amempikia miaka miwili, akasema hiyo inatosha. Alikwangua utando wote wa bakuli akaufunga ndani ya leso. Akamwagiza Wasike amimine spiriti yote ya zamani ndani ya debe, aitoe nje, watumie ile mpya iliyofika juzi. Kisha akasimama katikati ya chumba, akaita.

"Shitanda, mwana wetu. Hapa si kwenu. Mama yako amengoja. Twende nyumbani."

Bakuli likatulia.

"Sasa wewe umwambie aende," alimnong'oneza Wasike. "Wewe ndiye uliitika. Usipomwachilia, hatoki."

Mvua iliendelea kupiga mabati. Wasike alihisi kile kiganja baridi kikimbana vidole, kikiomba.

"Nenda," alisema.

Alilisema neno hilo vizuri. Mama Kageha aliridhika, akamwaga debe lile juu ya kaburi la mjini, na kesho yake akapanda basi la Kakamega, kwenda kwao Shitanda, na leso yake kifuani. Hakujua kwamba Wasike, alipokuwa akimimina, alijaza kichupa kimoja cha ukubwa wa kidole gumba akakitia mfukoni. Wasike mwenyewe alijiambia ni cha kupimia tu.

Jumatatu bakuli tupu lilikauka likarudi uzito wake, halikuzidi wala kupungua. Bwana Pringle alicheka kwa mara ya kwanza tangu Wasike aajiriwe. Kabla ya mwezi kwisha Wasike alikabidhiwa ufunguo wa nyumba yenye vyumba viwili, sakafu ya saruji, dirisha linalofunga. Alifagia, akatandika kitanda cha mtoto, akakaa mezani na karatasi na kalamu amwandikie mkewe habari njema.

Karatasi ilikaa nyeupe muda mrefu. Nanyama angekuja baada ya wiki mbili, na wiki mbili ni siku kumi na nne. Wasike alitoa kichupa mfukoni, akakifungua, akaenda kukiweka kwenye chumba kile kingine. Hakungoja sana.

"Wasike."

"Naam," aliitika.

Kisha akarudi mezani akaandika, mwandiko umenyooka: "Mke wangu, nyumba nimepewa, ni nzuri kama walivyosema. Lakini usije, wala usimlete mtoto. Chumba cha pili kimepata mtu, na ameniomba tukae wawili."