Begi Lililolala Mlangoni

"Odeta, vua viatu mwanangu. Hata mgeni akikaribishwa huvua."

"Mama, nimechoka kufungua hizi kamba. Kesho alfajiri niko kwenye basi la Mbeya."

Begi lake aliliacha palepale mlangoni, zipu haikuguswa. Alikuwa anatoka kwenye kambi ya wajenzi wa barabara upande wa Kigoma, anakowapikia mafundi, na kambi ilikuwa inahamia Tunduru. Hapa kwetu Kasokola alipita kulala tu. Miaka sasa alikuwa anapita hivyo, nyumbani pamekuwa kama stendi.

Jioni akaja Evarist, kijana wa jirani, na ndoo ndogo ya asali, kama kila mara Odeta akipita. Hao walikua pamoja. Mvua za kwanza zikinyesha walikuwa wanaenda porini kuokota uyoga, wanarudi wamelowa, wanacheka, mimi nawagombeza huku nawakaushia nguo motoni. Odeta alipopata kazi, Evarist alitundika mzinga kulekule kwenye uyoga wao, akasema asali ya mzinga huo haiuzwi, ni ya Ode.

Tukala wali kwa kuku. Odeta akamtania kwamba ananuka moshi wa nyuki, naye akamjibu kwamba yeye ananuka vitunguu vya kambi nzima. Nikasema moyoni, leo Mungu kanisikia. Halafu Evarist akaweka kijiko chini.

"Ode, Jumapili hii baba mkubwa yuko tayari kuja kuleta posa. Kaa siku hiyo moja tu."

"Eva, gari la kampuni linatusubiri Mbeya. Nikitoka Tunduru tutaongea."

"Ulisema ukitoka Kigoma."

"Sasa nikiacha kazi tutakula uyoga?"

"Sijasema uache kazi. Nimesema kaa Jumapili."

Nikaingilia, nikamwambia binti yangu apige simu aombe ruhusa, wapishi wako wengi. Akacheka.

"Mama, Eva haendi popote. Tangu lini Eva akaenda popote?"

Evarist alisikia. Akanawa mikono, akaniaga kwa heshima.

Alfajiri alikuja vilevile na pikipiki, akampeleka stendi. Walichoongea mlangoni mwa basi Odeta alinisimulia baadaye.

"Utaningoja?"

"Mzinga usipoangaliwa nyuki wanahama, Ode. Hawagombani na mtu. Wanahama tu."

Akamwambia aache maneno ya kizee, akapanda.

Kutoka Tunduru mwanzoni alikuwa anampigia kila jioni. Baadaye ikawa mara mojamoja. Nilimwambia kwamba Evarist anaonekana na Natalia, binti wa kijiji cha Mwese, akasema nina wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Mpaka Jumapili moja nikatoka kanisani, sijafika hata nyumbani, nikampigia.

"Mwanangu, wametangazwa leo. Evarist na Natalia. Tangazo la kwanza la ndoa."

Akasema, "Nakuja."

Kazi ambayo haikuweza kumpa Jumapili moja akaiacha palepale. Alifika mvua za kwanza zikinyesha. Alivua viatu kabla sijasema, akafungua begi, akapanga nguo kabatini mojamoja. Kisha akaandika meseji, akanisomea:

"Eva, mara hii sipiti, nimerudi. Mwambie baba mkubwa aje hata kesho."

Chai ikapoa. Ndipo simu ikalia, akasoma polepole:

"Karibu nyumbani dada Odeta. Harusi yetu ni mwezi huu. Mje na mama, nafasi zenu tumeziweka mbele."

Akaishusha simu.

"Mama, kaniita dada."

Tangu utoto hajawahi kumwita hivyo.

Mnaosoma haya mkiwa safarini, nyie wa magari, wa migodini, wa makambini, tafuteni riziki, sikatazi. Ila ukipita kwenu, fungua begi. Anayekupokea kila mara naye ana maisha yake, siyo mti wa kusimama hapo hadi utakapokumbuka kivuli.

Odeta alichukua kikapu akaenda porini peke yake. Alirudi jioni na uyoga kidogo, amelowa mpaka nywele. Sikumgombeza. Niliongeza kuni, nikamkaushia nguo.