Sekela na Jua Linalopungua

Kaeni karibu, niwasimulie habari za Sekela.

Sekela alikuwa na miaka mitano. Aliishi Tukuyu, mlimani, kwenye mvua nyingi na ukungu mweupe. Huko jua ni la kuvizia.

Mama yake aliugua. Alilazwa hospitali siku nyingi, halafu akarudi nyumbani. Alikuwa amepona, lakini alikuwa amekonda. Gauni lake lilimpwaya. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Ale vizuri," alisema daktari. "Na aote jua la asubuhi."

Basi kila jua lilipotokeza, Sekela alikimbia. Pa-pa-pa-pa! Alichukua mkeka, akautandika mbele ya mlango. Mama alikaa, akafumba macho. Sekela akaimba:

"Waka, jua, waka!
Mpashe Mama joto."

Na mikono ya Mama ikapata joto. Polepole, polepole.

Shangazi Tumpe alikuwa amekuja kuwasaidia. Shangazi ni mwalimu wa fizikia. Siku moja alikaa mezani akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Akasoma kwa sauti: "Jua hupungua uzito kila linapotoa mwanga." Akatabasamu. "Vema kabisa!" Akaweka alama ya vema. Krii!

Sekela alikuwa chini ya meza, anacheza. Akaacha kucheza.

Jua linapungua?

Akamtazama Mama. Akatazama gauni linalompwaya.

Kesho yake jua likatokeza. Lilikuwa zuri, la manjano.

Sekela hakukimbia. Hakutandika mkeka. Alifunga mlango. Kri-i-i, pu! Akavuta pazia. Swiii! Akaimba kwa sauti ndogo:

"Lala, jua, lala!
Pumzika, usikonde."

Ndani kukawa giza. Kukawa na baridi.

"Sekela," Mama akaita kutoka kitandani. "Mkeka wetu uko wapi leo?"

Sekela akalishika pazia kwa mikono miwili.

"Nasikia baridi, mwanangu."

Sekela akaanza kulia. "Jua linakonda, Mama! Linakonda kama wewe! Tukiliota kila siku, litaisha!"

Mama akanyoosha mikono. "Njoo hapa."

Sekela akapanda kitandani. Mama akamkumbatia. Akamfuta machozi, jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Nani kakwambia jua linakonda?"

"Shangazi. Kasoma kwenye daftari."

"Wifi!" Mama akaita. "Hebu njoo umsikie mwenzio."

Shangazi akaja. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Ni kweli," akasema. "Jua linapungua. Hesabu moja."

"Moja," akasema Sekela.

"Hapo tayari. Limepungua uzito wa tembo laki nane."

Macho ya Sekela yakatoka.

"Wifi, jamani!" akasema Mama. "Unamtisha mtoto."

"Aa, pole, pole mwanangu! Twende jikoni. Upesi!"

Jikoni kulikuwa na gunia la mchele wa Kyela. Lilikuwa jipya, limejaa, refu kuliko Sekela.

Shangazi akamnyanyua. "Chota kiganja kimoja."

Sekela akachota. Sssss, mchele ukateleza vidoleni.

"Sasa tazama gunia. Limepungua?"

Sekela akatazama. Akatazama tena. "Halijapungua. Limejaa vilevile!"

"Basi jua ni kama hilo gunia. Lilianza kuwaka kabla hakujawa na watu. Linawaka hadi leo. Na mwanga wote liliotoa ni kiganja hicho tu."

"Kiganja changu? Hiki kidogo?"

"Hicho hicho."

Sekela akapumua. Haaa!

Lakini akafikiri tena. "Huo uzito uliotoka unakwenda wapi? Unapotea?"

"Haupotei," akasema Shangazi. "Unakuwa mwanga. Mwanga unasafiri mpaka kwetu. Ukigusa jiwe, unakuwa joto. Na jiwe likipata joto, linakuwa zito zaidi."

"Jiwe la moto ni zito kuliko la baridi?"

"Ndiyo. Lile lile jiwe."

"Tupime!" akasema Sekela.

Akaleta jiwe jeusi la mtoni. Shangazi akaleta mizani ya jikoni. Jiwe likakaa juu. Tik! Mshale ukasimama kwenye kilo mbili.

Wakaliweka jiwe juani. Sekela akafungua mlango. Akafungua pazia. Akatandika mkeka, Mama akaja kukaa. Sekela akaimba tena:

"Waka, jua, waka!
Mpashe Mama joto.
Lipashe na jiwe."

Wakangoja. Jiwe likapata moto. Sekela akalibeba kwa kitambaa, akaliweka kwenye mizani.

Tik! Kilo mbili. Mshale haukusogea hata kidogo.

"Shangazi, umekosea!"

"Sijakosea. Limeongezeka kidogo mno. Chukua chembe moja ya unga. Ikate vipande elfu moja. Kipande kimoja tu, ndicho kilichoongezeka. Mizani yetu haikioni."

Sekela akasogeza jicho karibu na mshale. Hakuona kitu. Akaligusa jiwe.

"Lakini kipo," akasema.

"Kipo."

Sekela akarudi mkekani. Akashika mkono wa Mama. Ulikuwa wa moto.

"Mama, na wewe umeongezeka! Kipande cha unga!"

"Kweli eh?"

"Lakini hakitoshi," akasema Sekela taratibu. "Bado umekonda. Utaisha?"

Mama akamtazama sana.

"Sitaisha, mwanangu. Nilikonda kwa sababu niliumwa. Ugonjwa umekwisha. Jua linanipa joto. Chakula kitanipa mwili. Na sasa hivi, unajua, nasikia njaa."

"Njaa kubwa?"

"Kubwa sana."

Pa-pa-pa-pa! Sekela akakimbia jikoni. Shangazi akapika ndizi kwa maziwa. Mama akala sahani moja. Akasema, "Niongezeni." Akala na ya pili!

Mchana kutwa walikaa juani. Waliongea, walisinzia, wakaamka, wakaongea tena. Jua likashuka nyuma ya mashamba ya chai. Ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni.

Sekela alikuwa amelala mkekani, kinywa wazi.

"Niache nimbebe," akasema Shangazi.

"Hapana, wifi. Leo nitambeba mwenyewe."

Tangu atoke hospitali, Mama alikuwa hajawahi kumbeba Sekela. Akainama. Akaingiza mikono. Hup! Akasimama. Akayumba kidogo, kisha akatulia.

"Yelewii!" akasema Mama akicheka. "Mtoto huyu mzito!"

Sekela akafumbua jicho moja.

"Ni jua, Mama," akanong'ona. "Limo ndani yangu."

Akalaza kichwa begani kwa Mama, akalala fofofo.