Matembele ya Fabiola

Kila siku baada ya masomo, Fabiola aliingia katika nyumba isiyo na mtu. Mama yake alichuuza samaki huko Mulongwe, na kurudi nyumbani Sange mara moja kwa mwezi. Shangazi yake, Agathe, alishinda katika shamba la mpunga. Aliyemngoja ni beberu mmoja tu, amefungwa mfuko nyuma kama mtoto aliyevishwa nepi.

Mfuko huo wa kukusanyia kinyesi, pamoja na beberu mwenyewe, uliletwa na Dokta Eugène, daktari wa mifugo. Alitaka kujua kama pumba za mchele na maganda makavu ya mihogo, ambayo watu wengi huyatupa, yanaweza kumshibisha mbuzi. Kazi ya Fabiola ilikuwa kupima chakula asubuhi, kupima masazo na kinyesi jioni, kisha kuandika.

"Kilichoingia toa kilichotoka," Dokta alimwambia. "Kinachobaki ndicho alichofaidi. Asile kitu kingine, hata jani! Ukimpa, nitamhamishia kijiji cha Mutarule."

Lakini kwao, kula huku mwingine anakutazama ni uchoyo, na beberu alijua kutazama. Siku ya pili Fabiola akamgawia matembele. Alipomwona anatafuna, chakula chake mwenyewe nacho kikashuka kooni. Tangu hapo wakala pamoja.

Siku ya saba Dokta Eugène alisoma daftari, akaguna.

"Kinyesi ni kingi mno. Chakula hiki kinapita tu tumboni. Nitawaambia watu waendelee kukitupa."

"Kumbe weye Dokta unakuja na pikipiki mbali hivi juu ya kupima mavi!" Shangazi Agathe akacheka.

Fabiola hakucheka. Alijua kinyesi kilizidishwa na matembele ambayo hakuyaandika. Akisema, beberu ataondoka. Akinyamaza, watu watatupa chakula kizuri cha mifugo yao.

"Nilimpa matembele," akasema. "Kila siku tangu ile ya pili."

"Juu ya nini?" Dokta akamuuliza sababu.

"Minye nilikuwa nakula peke yangu."

Kicheko cha shangazi kikakatika. "Kesho utaleta sahani yako shambani," akasema taratibu. "Tutakula wote."

Dokta alichana kurasa zote saba. "Tunaanza upya. Beberu abaki."

Safari hii kinyesi kilipungua. Zaidi ya nusu ya chakula ilikuwa imemfaa mbuzi.

"Umeona?" Dokta Eugène akamwambia Fabiola. "Mizani inapima tu. Kusema kweli ni kazi ya anayeandika. Kosa ukilisema, tunalisahihisha. Ukilificha, tunakilisha kijiji kizima kosa hilo."